Mzimu wa Nyumba ya Mzungu

 

Mwezi huu nimepokea barua kutoka kwa mama mmoja anayeishi upande wa Usa River, chini ya Mlima Meru. Mume wake ameajiriwa katika shamba, nao wamepewa vyumba viwili ndani ya nyumba ya zamani ya mzungu. Tangu waingie humo mwezi wa tano, hawana raha. Usiku husikika nyayo za mtu anayetembea ukumbini. Mtoto wao wa miaka minne anasema kuna mwanamke anayesimama mlangoni na kumtazama. Majirani wamewaambia kwamba huyo ni memsabu, yaani bibi wa yule mlowezi, na kwamba hakuna familia iliyokaa humo mwaka mzima.

Sasa ametokea mtu anayejiita mtaalamu. Anataka ng'ombe mmoja na fedha taslimu, naye ataondoa mzimu na kuonyesha mahali zilipofukiwa rupia za Mjerumani. Baba wa nyumba amekubali kumuuza ng'ombe wao wa pekee wa maziwa. Mama anauliza: "Nimpinge mume wangu, au nihame na watoto?"

Barua yenyewe ni ndefu, lakini kuna sentensi moja iliyonishtua. Anasema kwamba yeye na watoto huamka asubuhi vichwa vikiwauma, na ifikapo saa nne, wakiwa nje, maumivu hupoa. Kwa bahati alikuwa ameandika namba yake ya simu. Nilimpigia siku ileile, nikamuuliza swali moja tu. Swali hilo nitakueleza mbele kidogo, maana mimi mwenyewe niliulizwa na daktari, nikalia machozi.

Nyumba zenye hadithi

Ukipanda basi Arusha mjini kuelekea Moshi, ukapita Tengeru na Usa River, utaziona nyumba hizi kwa mbali nyuma ya mijakaranda na miti ya kivuli ya kahawa. Kuta zake ni za mawe, veranda pana, madirisha marefu na sakafu za mbao. Makaburu kutoka Afrika Kusini walianza kufika upande huu wa Meru miaka ya 1904 na 1905, baada ya vita vyao na Waingereza. Wajerumani nao walipewa mashamba, kisha wakaja Wagiriki na Waingereza. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 mashamba mengi yalitaifishwa. Baadhi ya nyumba zile zikagawanywa vyumba vyumba, tukaingia sisi na masufuria yetu.

Nyumba ya mtu aliyeondoka haikosi hadithi. Iliyo maarufu kuliko zote ni ile ya Momella, karibu na maziwa yaliyo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Huko aliishi Margarete Trappe, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1884 na kufika nchini mwaka 1907 pamoja na mumewe Ulrich. Alilima, akafuga, akawa mwindaji mashuhuri katika zama ambazo kazi hiyo ilikuwa ya wanaume. Wamasai walimwita Yeyo, yaani mama. Alifariki mwaka 1957, na inasimuliwa mpaka leo kwamba usiku wa kifo chake makundi ya tembo yalikuja yakasimama karibu na nyumba yake, kana kwamba yanamlilia. Baadaye shamba hilo lilinunuliwa na Hardy Krüger, mwigizaji wa Kijerumani aliyekuja huku kucheza filamu ya Hatari!, iliyotoka mwaka 1962.

Mimi siwezi kusema tembo wale walitumwa na nani. Tembo wa Momella walikuwepo kabla ya nyumba hiyo kujengwa, na wapita kila usiku. Lakini hadithi hiyo haimdhuru mtu. Inamsifu marehemu na kuwastaajabisha watoto. Hadithi ya namna hiyo iache iishi.

Ziko hadithi nyingine ambazo ndani yake mna kilio. Boma la Wajerumani pale mjini Arusha, ambalo leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, lilijengwa mwishoni mwa karne ya 19 kwa jasho la Waarusha na Wameru waliolazimishwa kazi. Mwaka 1951 serikali ya Waingereza iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi, na nyumba zao zikachomwa moto. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri mpaka New York kupeleka malalamiko ya watu wake mbele ya Umoja wa Mataifa. Bibi zetu waliyaona hayo kwa macho yao.

Ndiyo maana katika miaka ya ukoloni, sehemu nyingi za Afrika Mashariki, watu waliogopa mumiani na chinjachinja, waliosemekana kutumwa na wazungu kunyonya damu za Waafrika usiku. Mwanahistoria Luise White alikusanya masimulizi hayo akaandika kitabu kilichotoka mwaka 2000. Yeye hasemi kwamba damu ilinyonywa kweli. Anatuonyesha kwamba watu walitumia maneno hayo kueleza jinsi walivyouona utawala ule. Nami nikikumbuka jasho na ardhi vilivyochukuliwa, sishangai kwamba walizungumza habari za damu. Basi, mtu akikuambia nyumba ya mlowezi ina mzimu, usimcheke. Huenda anakumbuka jambo la kweli, ingawa analiita kwa jina lingine.

Yaliyonipata mimi

Mwaka 1996 mume wangu alipata kazi ya ukarani katika shamba moja la kahawa kwenye miteremko ya Meru. Tulipewa chumba kikubwa na kidogo cha pembeni katika nyumba ya mlowezi. Nilikuwa na binti wa miaka mitatu, na mtoto mchanga wa miezi mitano. Nilikuwa pia na msichana aliyenisaidia kazi, tukimwita Dada.

Wiki ya kwanza tu jirani aliniita kando. "Mama Upendo, humo mlimoingia kuna memsabu. Alimpoteza mtoto wake, akafa kwa majonzi. Mpaka leo anatafuta mtoto." Wewe ni mama, unajua maneno hayo yanavyoingia moyoni mtu akiwa amembeba mchanga mgongoni.

Mwezi wa sita ulipoingia na baridi yake, mambo yakaanza. Usiku nilisikia mbao za ukumbini zikilia kama mtu anakanyaga polepole. Nje mtoto alilia kwenye miti, na nilipomtazama wangu alikuwa amelala. Dada alisema ameona mwanamke mwenye nguo nyeupe karibu na dirisha. Upendo akawa analia akionyesha kidole mlangoni. Mimi nilikuwa nikiamka na kichwa kizito, kichefuchefu, na moyo unakwenda mbio. Nilidhani ni mimba nyingine. Haikuwa mimba.

Tulifanya nini? Tulifunga kila kitu. Nilisokota matambara nikaziba nyufa za madirisha. Nilikunja kitenge nikakiweka chini ya mlango ili kisipite hata kivuli. Kisha, kwa kuwa baridi ilikuwa kali na mchanga alikuwa na kikohozi, tuliingiza jiko la mkaa chumbani tukalilaza kwenye kona. Kadiri tulivyoogopa, ndivyo tulivyoziba. Na kadiri tulivyoziba, ndivyo memsabu alivyozidi nguvu. Usiku mmoja alikuja mpaka kitandani kwangu, akanikalia kifuani, nikashindwa kuinua hata mkono.

Baba Upendo akaanza kusikiliza habari za mganga. Mimi nilikwenda kwa akina mama wa kanisani, wakaja wakaomba nasi jioni moja. Wakati wa maombi tulifungua milango yote kwa sababu watu walikuwa wengi. Usiku ule tulilala kama malaika. Nikashukuru, nikafunga tena madirisha, nikaingiza tena jiko.

Usiku wa tatu baada ya hapo, mume wangu alirudi kutoka msibani saa saba akakuta hatufungui mlango. Alipouvunja, alimkuta Dada ameanguka chini, mchanga amelegea mikononi mwake, mimi nimelala sisikii. Alituburuta mmoja mmoja mpaka kwenye majani nje, kwenye umande. Hewa ya Meru ikatuamsha. Dada ndiye aliyechelewa kuzinduka, tukapelekwa hospitali kwa trekta la shamba.

Daktari aliyekuwa zamu hakuuliza habari za mzimu. Aliuliza: "Jiko lilikuwa wapi?"

Sumu isiyo na harufu

Ndilo swali nililomuuliza yule mama wa Usa River. Naye, kama mimi mwaka ule, alinyamaza kwanza. Kisha akasema, "Liko ndani, mama. Kwa ajili ya baridi."

Sikiliza vizuri. Mkaa unapowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Wengi tunadhani mkaa ukishaiva na kuwa mwekundu, moshi ukaisha, basi hauna madhara. Sivyo. Gesi hiyo hutoka hata pasipokuwa na moshi wowote. Ikivutwa, hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo damu hushindwa kupeleka oksijeni kwenye ubongo na moyo. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutapika, huchanganyikiwa, na wengine husikia au kuona vitu visivyokuwepo. Akiendelea kuivuta hulala usingizi asiamke. Watoto wadogo huathirika upesi, na mjamzito huivuta kwa ajili ya wawili.

Bibi zetu waliota moto ndani maisha yao yote, lakini nyumba zao zilipitisha hewa. Moshi ulipenya kwenye nyasi za paa. Nyumba ya mawe yenye dari na madirisha yaliyozibwa kwa matambara haipitishi hewa hivyo.

Wala si Arusha tu. Mwaka 1921 daktari wa macho wa Marekani, William Wilmer, aliandika katika jarida la madaktari kisa cha familia iliyohamia nyumba kubwa ya zamani mwaka 1912. Walisikia nyayo, waliona watu wasiokuwepo, watoto wakapauka, hata mimea ya ndani ikanyauka. Walipochunguza waligundua kwamba tanuru la kupashia nyumba joto lilikuwa bovu, likimwaga gesi hiyohiyo vyumbani. Tanuru likatengenezwa na mizimu ikahama. Nilipokisoma kisa hicho miaka mingi baadaye, nilijiona mimi na Upendo.

Wanaochunguza mizimu

Huenda hujui kwamba ziko nchi ambako watu wasomi hufanya uchunguzi wa mizimu kwa vipimo. Jijini London kipo chama kilichoanzishwa kwa kazi hiyo mwaka 1882. Mmoja wa walioandika katika jarida la chama hicho ni Vic Tandy, mhandisi Mwingereza. Alikuwa akifanya kazi usiku katika maabara iliyosemekana ina mzimu, akahisi baridi na hofu, akaona kitu cha kijivu pembeni mwa jicho. Kesho yake aliona upanga mwembamba wa mchezo, alioubana kwenye jiliwa, ukitikisika wenyewe. Hakukimbia. Alitafuta kinachoutikisa, akakuta ni feni mpya, iliyotikisa hewa kama mara 19 kwa sekunde, chini ya kiwango ambacho sikio linaweza kusikia. Feni ilipozimwa, hali ile ikaisha. Aliandika habari hiyo mwaka 1998. Si watafiti wote waliokubali kwamba mtikisiko kama huo huleta mizimu, lakini mimi napenda alivyouliza: ni nini hasa kinachotikisa?

Mwaka ule wa 1996 mchunguzi wetu sisi hakuwa na vipimo. Alikuwa bibi mmoja wa Kimeru aliyekuwa yaya katika nyumba ileile enzi za mzungu. Tulipotoka hospitali alikuja kutupa pole. Nilimwamkia, nikamsimulia yote. Akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mjukuu wangu, memsabu yupi aliyefia humu? Mimi ndiye niliyemfungia masanduku. Aliondoka na gari mchana kweupe, akiwalilia mbwa wake. Na watoto wake wote walikuwa wazima."

Akaingia ndani, akatuonyesha mahali pa kuotea moto ukutani. Bomba la moshi lilikuwa limezibwa kwa matofali, na juu yake ndege wamejenga. "Hapa palikuwa njia ya moshi. Na dirisha lile dogo la juu, memsabu hakuruhusu lifungwe hata siku moja. Ninyi mmeziba njia zote mbili, halafu mnamlaumu mwenye nyumba!"

Usiku ule alilala kwetu. Mbao zilipolia ukumbini aliniambia nitazame juu: paa la bati lililopata jua mchana hujikunja likipoa, nazo mbao za sakafu vivyo hivyo. Mtoto alipolia mitini alisema, "Huyo ni komba." Na ile sauti ya kukwaruza inayopanda mpaka ikawa kama mtu anayenyongwa, ambayo ilinitoa jasho kila usiku, akasema ni perere wa msituni, mnyama asiyemzidi sungura kwa ukubwa.

Nikamuuliza habari za yule aliyenikalia kifuani. Akasema hilo ni jinamizi, na humpata mtu hata kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe. Nami nimejifunza tangu hapo kwamba ni kweli. Mara nyingine akili huamka kabla mwili haujafunguka kutoka usingizini, mtu akabaki macho lakini hawezi kusogea, huku ndoto ikiendelea mbele yake. Hofu na uchovu huongeza hali hiyo, na mama anayenyonyesha hana upungufu wa uchovu. Baadhi ya watafiti wanaamini jambo hilo lilichangia hofu ya popobawa huko Zanzibar mwaka 1995. Na hofu ile ilipowapanda watu, walimuua mtu asiye na hatia wakidhani ndiye popobawa. Ndugu yangu, mzimu ambao hakuna aliyeuthibitisha ulisababisha kaburi la kweli.

Rupia za Mjerumani

Sasa nirudi kwa yule mtaalamu na ng'ombe wa maziwa. Baba wengi wamechimba sakafu za nyumba hizi usiku, wakaacha mashimo na madeni. Wanaambiwa ziko rupia za dhahabu, zinalindwa na mzimu, na mzimu haufunguliwi bila sadaka.

Mweleze mume wako historia hii kwa upole. Rupia za dhahabu za Wajerumani, zile zenye picha ya tembo na thamani ya rupia 15, zilitengenezwa Tabora mwaka 1916 wakati wa vita, kwa dhahabu ya Sekenke. Zilikuwa kama 16,000 tu. Majeshi ya Waingereza yalikwisha kuichukua Arusha mwezi Machi mwaka huohuo, kabla sarafu hizo hazijaanza kutoka. Mlowezi wa Kijerumani wa Usa River angezipata wapi za kufukia, wakati Tabora iko upande wa pili wa mstari wa vita? Rupia za fedha zilikuwepo, ndiyo, na mtu aweza kuokota moja shambani. Lakini ng'ombe wako hutoa maziwa kila asubuhi.

Tena jiulize hivi: mtu ajuaye dhahabu ilipo, kwa nini aishi kwa kuomba ng'ombe za watu?

Neno la Mungu linasemaje?

Wengine mtasema, "Dada, je, unakana kwamba kuna ulimwengu wa roho?" Sikani. Mimi ni mtu wa maombi. Lakini nawaomba msome tena Injili ya Luka sura ya 24. Wanafunzi walipomwona Bwana amefufuka waliogopa, wakadhani wanaona roho. Yeye hakuwakemea kwa kutaka uhakika. Aliwaonyesha mikono na miguu, akawaruhusu wamguse, akala samaki mbele yao. Bwana mwenyewe alikubali kuchunguzwa! Na Yohana katika Waraka wake wa Kwanza sura ya 4 anatuagiza tuzipime roho kabla ya kuziamini. Kwa upande mwingine, Mfalme Sauli alipokimbilia kwa mwanamke wa Endori, katika 1 Samweli sura ya 28, alirudi na hofu kubwa kuliko aliyokwenda nayo.

Wale akina mama walioomba nyumbani kwangu hawakukosea. Mungu alitupa usiku ule mmoja wa usingizi kwa njia ya milango iliyofunguliwa, akatuonyesha jibu. Mimi ndiye niliyeifunga tena.

Ukihisi nyumba yako ina kitu

Kata ukurasa huu ukaubandike jikoni:

1. Jiko la mkaa lisilale ndani kamwe, hata likiwa limefunikwa majivu. Mkipikia ndani mchana, dirisha na mlango viwe wazi. Usiku litoe nje. Baridi ya Juni na Julai ikabiliwe kwa blanketi, soksi na uji wa moto.

2. Vichwa vikiuma watu kadhaa wa nyumba moja kwa wakati mmoja, na nafuu ikaja mkitoka nje, ujue ni hewa. Tokeni wote mara moja.

3. Ukimkuta mtu amezimia chumbani penye jiko, fungua mlango, mtoe nje upesi, wala usikae humo kumwamsha. Kisha mpelekeni hospitali hata kama amezinduka, na mumweleze daktari habari za jiko.

4. Kagua bomba la moshi, dari na paa mchana. Tafuta viota, popo na mbao zilizolegea. Sikiliza kelele za usiku mkiwa wawili, na mzitaje kwa majina yake mbele ya watoto.

5. Mtafute mzee aliyeijua nyumba zamani. Muulize nani aliishi humo na aliondoka vipi. Ukisikia habari ya dhuluma iliyotendeka hapo, wasimulieni watoto kama historia yao, si kama kitisho cha kuwalaza mapema.

6. Mtoto akisema ameona mtu, usimpige wala usimcheke. Mpakate, muulize kichwa kinamuuma, ombeni pamoja, kisha fungua dirisha.

Kwa mama wa Usa River

Mama, usihame kwa sababu ya mzimu, wala usigombane na Baba watoto mbele ya majirani. Mwambie maneno haya: "Tumpe ng'ombe wiki mbili. Katika wiki hizo jiko lilale nje na dirisha la juu libaki wazi. Kama memsabu atakuwa bado anatembea, tutakaa tuzungumze tena." Mwanaume mwenye busara hawezi kukataa jaribio lisilogharimu hata senti moja.

Wiki iliyopita alinipigia tena. Jiko liko veranda, na asubuhi tano mfululizo hakuna aliyeumwa kichwa. Mtoto wa miaka minne analala. Nyayo bado zinasikika ukumbini jioni, hasa baada ya siku ya jua kali, na mumewe amepanda darini kukaza misumari ya bati. Yule mtaalamu alipita kuulizia ng'ombe. Baba akamwambia ng'ombe yuko kazini.

Dada yule aliyeanguka na mtoto wangu mikononi leo ni mama wa watoto watatu, na mchanga aliyembeba ni kijana mwenye ndevu. Kila mwaka, baridi ya mwezi wa sita inapoanza, Dada hunipigia simu kabla hajanisalimu vizuri, akauliza: "Mama, jiko liko wapi?" Namjibu, "Liko nje." Ndipo tunaamkiana.

Nawe muulize jirani yako swali hilo usiku wa leo. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, mpaka mwezi ujao.